Dalali wa Elektroni: Maneno kwa Mafundi Wapya Kuhusu Manganisi

Maneno haya niliyasema kwenye mahafali ya chuo kimoja cha ufundi mjini Tanga, mbele ya vijana waliomaliza uchomeleaji na ufundi mitambo. Nilikuwa na kikaratasi chenye mistari michache, mengine yakatoka kichwani. Baadhi ya waliokuwapo waliniomba niyaandike. Nimeyaweka karibu na nilivyoyasema, pamoja na makelele ya mstari wa mbele.

Mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi mliokuja na mashada, shikamooni. Na nyinyi vijana mliofunikwa majoho kwenye jua hili la Tanga, poleni.

Nilipoalikwa niliambiwa niseme jambo la kuwajenga vijana. Kuwajenga vijana kuna wenyewe. Mimi nimefundisha kemia tangu nywele zikiwa nyeusi mpaka nikastaafu, na kitu ninachokijua ni hicho. Kwa hiyo nitasema juu ya elementi moja tu. Mnaishika kila siku, mnaikata kwa grainda kila siku, mnaivuta puani kila siku, na nikiwauliza jina lake sasa hivi sidhani kama watapatikana kumi wa kunijibu.

Kabla sijaendelea, tazameni chupa hii. Ndani kuna maji, kijiko cha sukari, na kostiki soda kidogo, ile ile ya watengeneza sabuni. Ndiyo sababu ya glavu hizi. Kwenye gilasi hii ya pili kuna maji yaliyotiwa punje chache za pamanganeti ya potasiamu. Kina mama wanaijua: ile dawa ya zambarau ya kuoshea mboga za kachumbari na kulowekea miguu yenye fangasi. Namimina. Zambarau, mmeona. Natikisa mara moja, naweka mezani, siigusi tena. Nyinyi mliokaa mbele ndio macho yangu. Rangi ikigeuka, pigeni kelele.

Elementi yenyewe inaitwa manganisi. Alama yake Mn, namba yake 25, jirani wa mkono wa kushoto wa chuma chenye 26. Msiichanganye na magnesi, Mg. Miaka yote niliyosahihisha mitihani, wanafunzi walinichanganyia hizi mbili, na nilikuwa mkali kweli, mpaka siku nilipojua kwamba wazee wa kemia wenyewe walizichanganya. Majina yote mawili yanatoka Magnesia, eneo la Ugiriki ya kale. Palikuwa na mawe meupe na mawe meusi, yote yakabebeshwa jina la mahali. Jeupe ndilo likaja kutoa magnesi, jeusi likatoa manganisi. Basi niliowanyima alama mnisamehe.

Jiwe jeusi watu walilitumia zamani sana bila kujua lina nini. Michoro ya wanyama kwenye pango la Lascaux, Ufaransa, sehemu ya weusi wake ni oksidi ya manganisi. Warumi walilitia kwenye kioo kilichotoka na ukijani wa chuma, kioo kikawa cheupe. Mafundi wa kioo wakaliita sabuni. Mwaka 1774, huko Sweden, Carl Wilhelm Scheele akatambua kwamba ndani ya jiwe hilo mna elementi isiyojulikana bado, na rafiki yake Johan Gottlieb Gahn akaipata yenyewe kwa kulichoma pamoja na makaa. Mwaka huo huo Scheele alimimina asidi ya hidrokloriki juu ya jiwe hilo, ikatoka hewa ya kijani-manjano inayokaba koo. Ni klorini hiyo, mnayoinusa leo kwenye maji ya bomba na kwenye dawa ya kufulia nguo nyeupe.

(Mstari wa mbele: "Bluu! Imekuwa bluu!")

Bluu, ahsanteni. Endeleeni kuangalia.

Ukiipata manganisi yenyewe, imetengwa, ni metali ya kijivu. Kwa uzito inakaribiana na chuma, mara saba na ushei ya maji. Inayeyuka kwenye nyuzi 1246 za Selsiasi, chini ya chuma chenye 1538. Mkononi ungesema ni chuma. Ipige nyundo sasa: inavunjika kama kigae. Huwezi kuitengenezea msumari, sufuria wala bawaba, na hutakuta duka Barabara ya Nane linalouza manganisi kwa futi. Mtu wa namna hii mtaani tunamwita dalali. Yeye mwenyewe hana kiwanja wala nyumba ya kuuza, lakini viwanja na nyumba haviuziki bila yeye kupita katikati.

Bidhaa anayopitisha dalali huyu ni elektroni. Manganisi ina elektroni saba za nje ambazo inaweza kuachana nazo, na tofauti na wengi wenzake, inaweza kuachia mbili, au tatu, nne, tano, sita, hata zote saba. Ikiachia mbili, maji yake yana uwaridi hafifu sana, ungeapa ni maji matupu. Nne, ni lile jiwe jeusi. Tano, bluu. Sita, kijani. Saba, zambarau. Ile dawa ya kachumbari ni manganisi iliyonyang'anywa zote saba, na kwa hiyo ina njaa. Ikikutana na kijidudu, jani, sukari au ngozi ya kidole inachukua elektroni kwa nguvu. Kwenye chupa ile sukari inatozwa, na manganisi inashuka ngazi moja moja. Scheele aliita mchanganyiko wa aina hii kinyonga.

Haya mengine yote nitakayosema, ya chuma, ya betri, ya majani, hata ya ugonjwa, ni dalali yule yule kwenye soko jingine.

Tuanze na soko lenu. Katika kila kilo kumi za manganisi inayochimbwa duniani, takriban tisa zinaishia kwenye chuma cha pua. Nondo mliyoshika asubuhi ina manganisi chini kidogo au juu kidogo ya asilimia moja. Ni kiasi kidogo. Ukikiondoa, nondo hiyo haitengenezeki.

Agosti 1856, Henry Bessemer alisimama mbele ya wataalamu mjini Cheltenham, Uingereza, akatangaza njia ya kugeuza chuma cha tanuri kuwa chuma cha pua kwa kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka. Dakika chache badala ya siku. Wenye viwanda wakagombania leseni zake. Wakarudi nyumbani, wakapuliza, wakapata takataka. Chuma kilichotoka, ukikipasha kiwe chekundu ukakipitisha kwenye rola, kinapasuka kama muhogo mkavu.

Ugonjwa ulikuwa zaidi ya mmoja. Wa fosforasi ulingoja miaka zaidi ya ishirini. Uliobaki ulikuwa hivi. Hewa iliyopulizwa iliacha oksijeni ndani, na makaa ya mawe yalikuwa yameacha salfa, hii hii wanayopulizia mikorosho kule Mtwara. Salfa ikishikana na chuma inatengeneza kitu kinachoyeyuka mapema, kabla ya nyuzi elfu moja. Kinajipanga kwenye mipaka ya chembe za chuma, kama udongo mbichi katikati ya matofali. Wewe unapasha chuma mpaka nyuzi 1200 ukiamini ni kigumu, kumbe kwenye viungo kimeshakuwa maji. Nyundo ya kwanza, ufa.

Robert Mushet, fundi wa chuma huko Forest of Dean, alikuwa na aina ya chuma kutoka Ujerumani kilichong'aa kama kioo kikivunjika, kwa sababu kilikuwa na manganisi nyingi. Akakitia kidogo kwenye chuma cha Bessemer baada ya kupuliza. Manganisi ikaichukua oksijeni ikapanda nayo juu kwenye takataka. Ikaishika salfa pia, kwa kuwa inaipenda salfa kuliko chuma kinavyoipenda, na kile kinachozaliwa kati yao hakiyeyuki mpaka nyuzi zipite 1600. Udongo mbichi katikati ya matofali ukageuka kokoto. Chuma kikapita kwenye rola bila ufa.

Mapema mwaka 1857 reli moja ya chuma hicho ililazwa stesheni ya Derby, mahali ambapo reli za kawaida zilibadilishwa kila miezi sita, pengine mitatu. Hiyo ilikaa mpaka 1873.

Na Mushet? Hati yake ya ugunduzi ilikufa mwaka 1859 kwa sababu waliokabidhiwa kuitunza hawakulipa ada ya pauni 50. Bessemer akatumia manganisi bure, kihalali kabisa, akatajirika. Mushet akaugua, akafilisika. Mwaka 1866 binti yake Mary, miaka 16, alifunga safari peke yake mpaka London, akaingia ofisini kwa Bessemer akamwambia kwamba utajiri wake umesimama juu ya kazi ya baba yake, na kwamba nyumba yao inauzwa. Bessemer alilipa deni, kisha akampa Mushet pauni 300 kila mwaka. Wengine husema ni ukarimu. Mimi nasema binti wa miaka 16 alimshika shati mdaiwa sugu.

(Mstari wa mbele: "Mwalimu, kijani!")

Kijani. Imerudishiwa elektroni moja, sasa imekosa sita. Ile bluu ya mwanzo ilikuwa zambarau na kijani zikionekana pamoja. Tunaendelea.

Kuna chuma kingine ambacho wale mtakaokwenda kwenye machimbo ya kokoto na ya chokaa mtakutana nacho wiki ya kwanza. Taya za krasha, ile mashine ya kuvunjia mawe. Mtapewa msumeno wa chuma, mkate kipande. Utakata milimita moja, kisha msumeno utaanza kuteleza na kulia. Utabadilisha blade. Italia tena. Utaleta sumaku uone ni chuma gani hiki, na sumaku itaanguka chini. Hapo vijana wengi husema siyo chuma.

Ni chuma. Mwaka 1882, Robert Hadfield wa Sheffield, kijana wa miaka ishirini na ushei, alikuwa akijaribu kuongeza manganisi kwenye chuma. Wengine walikuwa wamekwishakata tamaa, maana ukifika asilimia nne au tano chuma kinakuwa chepesi kuvunjika kama biskuti. Hadfield hakuishia hapo. Akapanda mpaka asilimia 12 au 13, pamoja na kaboni kama asilimia moja na kitu. Akakipasha karibu nyuzi elfu moja, akakizamisha kwenye maji. Nyinyi mmefundishwa kwamba chuma cha kaboni ukikizamisha kwenye maji kikiwa chekundu kinakuwa kigumu na cha kuvunjika. Hiki kilikuwa laini. Ungeweza kukikunja. Lakini kila kilipopigwa, pale pale kilipopigwa ndipo kilipokuwa kigumu, zaidi ya mara mbili ya mwanzo, na ndani kikabaki na uvumilivu wake. Msumeno wako unapokwaruza ndio unakifundisha ugumu. Askari wa Uingereza walivaa kofia za chuma hiki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mpaka leo njia panda za reli, pale gurudumu linaporuka kutoka reli moja kwenda nyingine, hutengenezwa kwacho.

Hapa niwape la kazi, maana nimeona taya nyingi zilizouawa na mafundi. Chuma hiki usikipashe kabla ya kuchomelea kama mnavyofanya kwa vyuma vingine vinene. Kikikaa kwenye joto la nyuzi mia tatu, mia nne, kinarudi kuwa biskuti. Choma kipande kifupi, subiri kipoe mpaka uweze kuweka mkono karibu na mshono, hamia upande wa pili. Bosi atapiga kelele kwamba unachelewa. Mwache apige.

Soko la pili ni betri. Wazee mliokaa chini ya turubai mnakumbuka mawe ya redio. Georges Leclanché, Mfaransa, ndiye aliyeonyesha mwaka 1866 kwamba zinki ikiwekwa upande mmoja, unga mweusi wa oksidi ya manganisi upande wa pili, na chumvi ya amonia katikati, umeme unatoka. Zinki inaachia elektroni. Zinapita kwenye waya, zinaimbisha redio, zinafika kwa manganisi nyeusi, ambayo inazipokea. Betri kavu za kawaida mpaka leo ni huo mpango, umebadilishwa majimaji ya katikati tu.

Shule niliyoanzia kazi, huko Handeni, haikuwa na rangi ya ubao. Kila muhula tuliwatuma watoto nyumbani: kila mmoja alete betri mbili zilizokufa. Tulizipasua kwa jiwe nje ya darasa, tukatoa ule unga mweusi, tukauponda na majani mabichi ya kunde na maji kidogo, tukapaka ubao kwa kitambaa. Ukikauka, chaki ilishika vizuri. Nimefundisha jedwali la elementi juu ya ubao uliopakwa elementi namba 25, na sikuwaambia watoto, kwa sababu hata mimi nilikuwa sijaunganisha. Siku hizi singewatuma. Kuna vumbi, na betri za zamani zilikuwa na zebaki kidogo ndani.

Soko la tatu nitapita upesi, ingawa ndilo kubwa kuliko yote. Kwenye kila jani la kijani, ndani ya ile mitambo ya kunasa jua, kuna kifundo cha atomu nne za manganisi, moja ya kalsiamu na tano za oksijeni. Jua likipiga mara moja, kifundo kinatoa elektroni moja. Mara ya pili, nyingine. Kinakopesha hivyo mara nne, halafu kinageukia maji kinadai zote nne kwa mpigo. Maji yanapasuka, oksijeni inatoka. Oksijeni unayovuta sasa, kila pumzi, imepita kwa kifundo cha namna hiyo. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walionyesha kila atomu ilipokaa. Wakulima mnaokuta mazao yana majani manjano lakini mishipa imebaki kijani, hasa kwenye udongo wenye chokaa nyingi, mara nyingine huko ndiko dalali amekosekana.

Na sisi tunayo, miligramu 10 hadi 20 mwili mzima. Haijazi hata ncha ya kijiko. Kwa siku mtu mzima anahitaji kama miligramu mbili. Chai inazo, nanasi linazo, na karafuu zimejaa: gramu mia za karafuu zina kama miligramu 60. Kwa pilau ya Kiunguja hakuna anayekosa.

Inatoka wapi basi? Hapa Afrika ndiyo kwao. Sehemu kubwa ya manganisi ya nchi kavu inayojulikana duniani imelala kwenye jangwa la Kalahari, Afrika Kusini. Ghana wanachimba Nsuta tangu Vita vya Kwanza vya Dunia. Gabon wana Moanda, mgodi uliokuwa mbali na bahari bila reli, hivyo tangu 1962 madini yakasafirishwa kwa ndoo zinazoning'inia kwenye kamba ya chuma urefu wa kilomita 76, juu ya msitu, mpaka upande wa Kongo Brazzaville kwenye treni. Ilifanya kazi hivyo mpaka 1986. Na ndugu zetu wa Lualaba, Wakongo wanaozungumza Kiswahili cha Katanga, wana Kisenge karibu na mpaka wa Angola. Mawe yao yalikuwa yakitoka kwa reli ya Benguela mpaka bandari ya Lobito. Vita vya Angola vilipoikata reli ile baada ya 1975, mgodi ukabaki na madini yake. Jiwe ni zito na bei yake si ya dhahabu. Bila reli ni mzigo tu.

Tumekuwa wauzaji wa jiwe, na wengine ndio wanaolisafisha. Gabon wametangaza kwamba kuanzia 2029 jiwe ghafi halitoki nchini. Nitaamini nikiona tanuri na umeme wa kuliendesha, maana tanuri la feromanganisi, yaani chuma kilichochanganywa na manganisi nyingi, linakula umeme mwingi sana. Lakini wamesema, na kusema ni mwanzo.

Kuna na ya baharini, vinundu vyeusi kama viazi mbatata vilivyotapakaa chini kabisa ya Pasifiki. Meli ya Waingereza Challenger ndiyo iliyovivua kwa mara ya kwanza, kwenye safari yake ya 1872 hadi 1876. Kinundu kinakua milimita chache kwa miaka milioni. Mwaka 1974 Wamarekani walipeleka meli kubwa Pasifiki, wakasema inakwenda kuchimba vinundu hivyo; kumbe ilikwenda kuopoa manowari ya Warusi iliyozama. Dalali hutumika hata kama kisingizio.

Sasa soko la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya nikubali kuja. Vifuani mwenu.

Ule ukoko wa juu ya rodi mnazochomelea umetiwa feromanganisi, kwa sababu ile ile ya Mushet: kuchukua oksijeni na salfa kwenye mshono. Waya wa mashine za gesi nao unayo. Chuma chenyewe kinayo. Moto wa safu ya umeme unaigeuza mvuke, mvuke unapoa kuwa moshi wa chembe ndogo mno. Ikiingia kwa chakula, ini linaiondoa, hakuna shida. Ikiingia kwa pumzi inaliruka ini, inaingia kwenye damu, na kwa kuwa inafanana na chuma, inadandia magari yanayobeba madini ya chuma mwilini mpaka kwenye ubongo. Huko inakaa kwenye sehemu inayosimamia mwendo. Na dalali wa elektroni ndani ya seli za ubongo siyo mtu unayemtaka.

Mwaka 1837 daktari John Couper wa Glasgow aliandika juu ya wafanyakazi waliokuwa wakisaga jiwe jeusi kwenye kiwanda cha dawa ya kufulia. Miguu ilikuwa imewalegea. Waliyumba, wakitembea wanavutwa mbele kama wanaokimbia. Sauti zimekuwa ndogo, mate yanatiririka. Madaktari waliofuata waliongeza mwendo wa kutembelea vidole, kama jogoo, na uso usioonyesha kucheka wala kukasirika. Unafanana na ugonjwa wa kutetemeka, Parkinson, lakini vidonge vya Parkinson mara nyingi haviwasaidii sana wagonjwa hawa.

Nina mwanafunzi wangu wa zamani aliyechomelea matangi miaka mingi, ndani ya matangi, kwa mwajiri nisiyemtaja. Alikuwa akiniletea risiti za mchango wa msikiti. Nilianza kuona saini yake inapungua. Mwaka wa kwanza ilijaa mstari, mwaka wa pili nusu, mwaka wa tatu kama mchwa. Hakuna aliyempima manganisi, na mimi si daktari, siwezi kuapa. Ila baada ya kuona saini ile nilianza kusoma upya.

Basi. Banda lililo wazi, simama upepo ukupige ubavuni, usikupige mgongoni, maana ukikupiga mgongoni moshi unazunguka mbele yako na kupanda ndani ya kioo. Ndani ya tangi au kontena, feni ya kuvuta moshi nje, siyo ya kukupulizia. Kitambaa cha pamba puani hakizuii moshi wa chembe hizi. Barakoa ya chembe ndogo inayobana usoni, ile yenye kichujio. Kichwa kisiwe juu ya mshono.

(Hapa binti mmoja wa uchomeleaji aliinua mkono: "Mwalimu, si tunakunywa maziwa?")

Nilijua litakuja. Kila karakana kuna fundi mkubwa anayewatuma vijana pakiti ya maziwa saa nne. Mwanangu, maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda mapafuni, hawakutani. Kunywa kwa kuwa ni mazuri. Kuna chakula kinachohusika kidogo, ila siyo hicho. Mwili uliopungukiwa na chuma unaikaribisha manganisi zaidi, kwa kuwa milango ni ile ile. Nyinyi mabinti hasa, mnaopoteza damu kila mwezi, pimeni damu. Maini, maharage, dagaa. Maziwa hayana chuma cha kutosha. Pesa ya maziwa ya miezi michache inanunua barakoa.

Chupa imefikia wapi?

("Kahawia! Ina matope!")

Imeshuka mpaka nne. Yale matope ni unga ule ule wa ubao wa Handeni. Msiimwage kwenye maua ya mkuu wa chuo, bado ina kostiki. Na glavu yangu moja imetoboka, tazameni vidole vyangu: hudhurungi hii haitoki kwa sabuni, nitakaa nayo wiki. Nani ana ndimu hapo jikoni? Ndimu inaipa elektroni mbili nyingine, inakuwa ile ya waridi isiyoonekana, inaondoka na maji. Ahsante, lete na kisu.